Ninyi Mmepangwa na Nani?

Fundi alikuwa anapanga udongo kwa mafungu, kama muuza nyanya wa gengeni.

Kila mashine iliposhuka mita tatu, alichota kwa koleo kilichotoka shimoni akakimwaga juu ya turubai la bluu, fungu jipya kando ya lililotangulia. Kufika saa nane mchana yalikuwa mafungu kumi na manne. La kwanza jekundu, udongo uleule unaoganda kwenye viatu vya kila mtu aliyewahi kupita Goba siku ya mvua. Yaliyofuata ni mchanga wa manjano yaliyopauka. Halafu ukaja mfinyanzi wa kijivu, mzito, unaonata vidoleni na kunuka kama mtungi mpya. Mfinyanzi ulishika mafungu manne mazima, kisha ukakatika ghafla na chini yake ukatoka mchanga mweupe wa punje kubwa, safi, kama chumvi ya mawe.

Tulikuwa uani kwa baba mdogo, huko Goba, Dar es Salaam. Ana nyumba yake ya mbele na vyumba sita vya wapangaji nyuma, na miaka yote hiyo wote wameishi kwa maji ya boza na madumu ya kusukumwa kwa toroli. Safari hii ameamua kuchimba kisima. Mimi nilikwenda kumsindikiza, kwa kuwa nilikuwa sina kazi siku hiyo, na kwa kuwa tangu utotoni napenda kuona shimo likichimbwa.

Nikapiga picha ya mafungu. Yalikuwa mazuri mno. Nikaiweka kwenye stetasi na maneno haya: "Hii ndiyo jamii yetu. Tabaka juu ya tabaka, na hakuna linalomjua mwenzake."

Majibu yakaja haraka, mioyo na ngumi na "umesema kweli dada". Fundi, mtu mzima wa miaka sitini hivi, akaniuliza nimeandika nini kuhusu udongo wake. Nikamsomea. Akasikiliza huku anafuta koleo kwa kiganja.

"Dada, udongo haugombani," akasema. "Haya yote yameletwa na maji. Mto ulipita hapa, ukabwaga mchanga. Ukatulia, ukabwaga mfinyanzi. Sasa ninyi mmepangwa na nani?"

Akarudi kwenye mashine.

Sikuwa na jibu. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza, na sasa ni ya saba.

## Herufi moja

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu wengine. Kutwa nzima niko ndani ya Kiswahili, kwa hiyo nilianza kulitafuta swali la fundi mahali ninapopajua, yaani kwenye maneno.

Tunapozungumza siasa tunazungumza kama wapima ardhi. Tabaka la juu, la kati na la chini. Mpasuko ndani ya chama. Misingi ya taifa imetikisika. Uamuzi umeleta tetemeko. Uchaguzi ni volkano iliyolala. Jakaya Kikwete alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza kama Rais, Desemba 2005, alisema anasononeshwa na mpasuko wa kisiasa Zanzibar, na tangu siku hiyo neno hilo halijatoka kwenye magazeti. Mimi mwenyewe nimelipitisha mara zisizo na idadi. Ni neno zuri, lina sauti ya kitu kinachochanika.

Lakini liangalie vizuri. Kupasuka. Kutikisika. Kugawanyika. Kutengana. Vitenzi vyote hivi havina mtu. Glasi imevunjika, kila mtoto wa Kiswahili anajua kusema hivyo akiulizwa na mama yake, na kila mama anajua kwa nini mtoto hakusema "nimevunja".

"Taifa limepasuka" ni sentensi iliyokamilika. Imefungwa, unaweza kwenda kulala.

"Taifa limepasuliwa" haijakamilika. Inadai *na nani*.

Fundi hakusema "mmepangika". Alisema "mmepangwa". Niko tayari kuamini kwamba hakulifikiria, kwamba lilimtoka tu kama linavyomtoka mtu yeyote mwenye lugha yake. Na bado lilikuwa neno sahihi kuliko langu.

## Barabara ya Narok

Nilipofika hapo nikakumbuka ufa wa Kenya.

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na mlima Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zilizunguka dunia nzima. Shimo refu lenye kuta zilizosimama wima, zaidi ya mita kumi kwenda chini, na watu wamejipanga ukingoni wakichungulia. Vyombo vya habari vikubwa vikaandika kwamba Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu. Nami niliisambaza ile habari. Nilimwambia kila mtu kwamba Bonde la Ufa limeanza kufunguka.

Ni kweli bonde linafunguka. Upande wa magharibi wa nchi yetu limechimba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, na upande wa kaskazini liko Ol Doinyo Lengai, mlima unaotoa lava nyeusi, nyepesi, isiyofanana na ya volkano nyingine yoyote iliyo hai duniani. Ila linafunguka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tangu bendera ya Uhuru ipande mwaka 1961, huku kwetu pande mbili zile hazijaachana hata kwa urefu wa rula ya shule.

Kilichotokea Narok kilikuwa kitu kingine. Wanajiolojia waliokwenda kuangalia walieleza kwamba eneo lile limejaa majivu ya volkano za kale, laini, yanayochukulika. Chini yake huenda zilikuwepo nyufa za zamani zilizofukiwa. Lakini kilicholifungua lile korongo kwa usiku mmoja ni maji ya mvua yaliyopita chini kwa chini na kuyasomba majivu mpaka juu pakakosa kitu cha kukalia.

Nilirudi kusoma habari hiyo usiku mmoja, wiki ya tatu, nikakaa kitako.

Maana hivyo ndivyo tunavyofanya. Tunaona korongo lililochimbwa juzi, kwa maji yaliyopita mahali fulani, kwa sababu mfereji fulani haukujengwa, nasi tunasema ni bara linapasuka. Tunalipa umri wa miaka milioni ishirini na tano. Na kitu chenye umri huo nani atakidai?

## Saa mbili na robo usiku

Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa Agosti 12, 2020.

Nilikuwa ghorofa ya nne, Kariakoo, kwa rafiki. Kiti kilisogea chenyewe. Mwanzoni nilidhani ni kizunguzungu, nikashika meza, na meza nayo ikawa inakwenda. Kisha pazia likaanza kupepea bila upepo, na ngazini tukasikia miguu. Tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilikuwa limetokea baharini, upande wa Mafia, kusini mashariki mwa jiji.

Ninachokumbuka zaidi ni barabara. Watu wote wa lile jengo tulikuwa chini, wengi bila viatu. Mwenye jengo alikuwa amevaa kanzu ya kulalia. Mama mmoja alikuwa amebeba mtoto na sufuria, na sufuria ina wali nusu. Mlinzi alimpa kiti chake mzee wa ghorofa ya pili ambaye, aliniambia rafiki yangu baadaye, walikuwa hawajasalimiana mwaka mzima. Kwa muda wa nusu saa hivi tulikuwa watu wa jengo moja. Halafu mtu mmoja akasema limekwisha, na tukapanda ngazi, kila mmoja akafunga mlango wake.

Kwa hiyo hata sitiari yenyewe inadanganya. Lile tetemeko halikututenga. Tulikuwa tumeshatengana kabla, kwa milango na kwa kodi, na ardhi ilipotikisika ndipo tulipokutana.

Miaka minne kabla ya hapo, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba. Ukubwa ni karibu uleule. Huku, shukrani kwa Mungu na kwa umbali wa bahari, tulipata hofu na nyufa za plasta. Kule watu zaidi ya kumi na watano walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika, na zilizobomoka kwa wingi zilikuwa zile za matofali yasiyo na nondo, yaliyoshikwa kwa tope au kwa saruji ya kuhesabia vijiko. Ardhi ilitikisa mtaa mzima sawasawa. Nani afe na nani atoke na vumbi tu kichwani, hilo liliamuliwa na ukuta. Na ukuta ulijengwa kwa kipato.

## Kiwanja cha Mnazi Mmoja

Jumamosi ya wiki ya tano nilikwenda kukaa Mnazi Mmoja. Nilitaka kukiangalia kile kiwanja kwa macho ya fundi.

Upande mmoja kuna Kisutu na mitaa ya katikati ya jiji, roshani za zamani, maghorofa yaliyozaliwa juu ya maduka ya Kihindi. Upande wa pili inaanza Kariakoo. Katikati ni uwazi, na sote tumezoea kuuona kama uwazi tu, mahali pa kupumzikia, pa mikutano, pa Mwenge wa Uhuru. Watoto wanacheza mpira. Nimepita pale tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi.

Uwazi ule ulichorwa.

Wajerumani walikuwa na kanuni za ujenzi zilizosema wapi pajengwe nyumba ya aina gani, na Waingereza wakaja kuugawa mji katika kanda tatu. Kanda ya kwanza majengo ya Kizungu. Ya pili majengo ya biashara na makazi, ambako Wahindi waliishi. Ya tatu nyumba za Kiswahili. Karatasi haikutaja rangi ya ngozi ya mtu yeyote. Ilitaja ukuta na paa tu, na kila mtu alijua ni nani anaweza kujenga ukuta upi. Kati ya kanda ya pili na ya tatu pakaachwa eneo lisilojengwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Maradhi yasivuke. Ndiyo Mnazi Mmoja.

Watu wakaongeza majina yao: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwa kuwa majina hayo tuliyatunga wenyewe na yanapendeza mdomoni, tukadhani na mipaka ni yetu, kwamba watu wa aina moja hujikusanya pamoja kama mchanga wa punje sawa unavyotua mahali pamoja mtoni.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Jambo moja lilinijia ambalo sijaliacha. Katika Kiswahili anayekaa kwenye chumba cha kukodi anaitwa mpangaji. Anayekaa na ramani na rula na kuamua mji ukae vipi, naye ni mpangaji. Neno moja. Mmoja anapanga, mwingine anapanga, na yule wa kwanza hana habari kwamba chumba chake kilishapangwa na wa pili kabla hajazaliwa.

Kuna la kuwatetea wanajiolojia hapa. Mdenishi Nicolas Steno, mwaka 1669, aliandika kanuni ambayo mpaka leo ndiyo ya kwanza kufundishwa, kwamba miamba ikilala tabaka kwa tabaka bila kupinduliwa, la chini ndilo lililotangulia. Nilipoisoma niliona kitu ambacho neno letu "tabaka la chini" linakificha. Kila tabaka lililo chini liliwahi kuwa juu. Liliwahi kupigwa na jua na kukanyagwa. Hakuna hata moja lililozaliwa chini.

Kariakoo lenyewe ni ushahidi. Jina limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, *Carrier Corps*, waliopiga kambi pale. Watu waliobebeshwa mizigo mpaka wakafa kwa maelfu, majina yao hayajulikani. Leo nenda kaulize kodi ya fremu Mtaa wa Kongo.

Na tulijaribu kuyafuta matabaka, tusisahau. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba tunataka nchi isiyo na unyonyaji. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, mengi ya watu wenye asili ya Asia, na ile Uhindini ya kwenye ramani ikapata wapangaji wapya. Kuna familia zilizoumia na kuhama. Kuna familia zilizopata chumba mjini kwa mara ya kwanza. Babu yangu alikuwa wa kundi la pili, na nimekua nikisikia habari hiyo kama habari njema tu. Siku ile kiwanjani niliisikia kwa mara ya kwanza kama habari yenye pande mbili. Lakini upande wowote utakaosimama, hutasema majengo "yalitwalika". Yalitwaliwa. Kulikuwa na sheria, na sahihi chini yake.

## Oktoba

Sasa nafika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, tulikuwa ndani. Intaneti ilikatika siku ileile, na jioni likatoka tangazo la kutotoka nje usiku katika jiji hili. Siku zilizofuata tuliishi kwa sauti. Ukisikia mlio, unahesabu umetoka upande gani. Mtandao uliporudi, yakaja mambo ambayo sitayaeleza hapa, maana waliofiwa wanasoma.

Wiki zilizofuata nilihariri maandishi mengi, na karibu yote yalikuwa na sentensi moja: *Taifa limepasuka.* Niliipitisha. Mara moja nilibadilisha nikaandika "nyufa zimejitokeza", nikaona nimeboresha.

Baada ya swali la fundi nilirudi kuyasoma yale niliyoyapitisha. Yalinitia uchungu. Watu walikufa mitaani, na sisi tukaandika kama wapima mitetemo. Mama aliyekwenda kutafuta mwanawe kwa kuzunguka hospitali hakupigwa na bamba la ardhi lililosogea. Rais aliunda tume ya uchunguzi mwezi uliofuata, na tume kazi yake ni kuuliza nani, lini, kwa amri gani. Kwa Oktoba yetu nasi waandishi tulipaswa kuuliza hivyohivyo kabla ya tume, na tulikuwa na neno la kutuzuia. Limepasuka. Basi.

Sisemi tulifanya hivyo kwa hila. Nadhani tulikuwa na hofu, na huzuni, na sitiari kubwa humsitiri mtu mwenye hofu. Lakini kilichositiriwa hakikuwa hofu yetu peke yake.

## Shaka

Nilidhani hapo nimemaliza. Nikaandika rasimu yenye hasira, yenye "na nani" kila aya. Nikaiacha siku tatu, na nilipoirudia niliiogopa.

Maana swali la *nani* lina hatari yake, na sisi tunaijua. Uliza kwenye kijiwe chochote nani ameipasua nchi, subiri majibu. Utaambiwa ni wale. Watatajwa watu wa mkoa fulani, wa dini fulani, wa upande mmoja wa Muungano, wageni, vijana wa siku hizi. Katika hotuba yake maarufu ya mwaka 1995, mbele ya waandishi wa habari kwenye Hoteli ya Kilimanjaro, Mwalimu Nyerere alionya jambo hilihili: ukianza kusema "sisi" na "wao", hutasimama. Wazanzibari wakishajitenga na Wabara, watagundua kwamba kuna Waunguja na Wapemba, na haitaishia hapo. Akalinganisha dhambi hiyo na kula nyama ya mtu. Aliyeonja huendelea.

Basi huenda lugha ya ardhi ina huruma yake. Huenda wazee wetu waandishi waliichagua makusudi, ili watu wapate kuzungumza juu ya ufa bila kunyoosheana vidole. Mpasuko wa Zanzibar ulizungumzika kwa sababu uliitwa mpasuko. Mwaka 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na mpinzani wake, Maalim Seif Sharif Hamad, wakaonana, Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, theluthi mbili hivi wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kama kila mkutano ungeanza na orodha ya nani alimfanyia nani, wangefika?

Halafu uchaguzi wa 2015 visiwani ukafutwa, na kile kilichokuwa kimefunikwa kikafunuka, maana orodha ile haikuwahi kusomwa. Kwa hiyo sijui. Naiacha hapa kama ilivyo kichwani mwangu, pande mbili.

Lakini nilipoirudia hotuba ya 1995 niliona kitu nilichokuwa nimekipita maisha yangu yote. Mwalimu naye alizungumza nyufa. Alizungumza mtikisiko. Hotuba yenyewe watu wanaiita ya nyufa. Ila nyufa zake hazikuwa za ardhini. Zilikuwa za nyumba. Alizitaja moja moja, ukabila, udini, rushwa, Muungano, kwa namna ya mtu anayezunguka jengo na kugusa kuta.

Na methali yetu vilevile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa wahenga hauko bondeni. Uko chumbani, juu ya kitanda, na unaulalia ukiutazama. Ufa wa bonde hakuna wa kumwita. Ufa wa nyumba una fundi aliyejenga, una mwenye nyumba aliyebania saruji, una mvua kweli, na una mtu atakayekoroga udongo kesho asubuhi. Swali la nani lipo ndani yake, lakini halitafuti kabila. Linatafuta mikono.

Kiswahili kilikuwa nalo tayari. Mimi ndiye niliyekuwa nimehamia bondeni.

## Bomba

Kisima kiliishia mita sitini na tatu. Siku ya pili nilimwona fundi akishusha mabomba, akamwaga kokoto ndogo kuyazunguka kule chini, kwenye mchanga mweupe. Pale kwenye mfinyanzi akabadilisha. Akaziba kwa mfinyanzi wenyewe, na juu saruji. Nikamuuliza kwa nini.

"Huku juu kuna vyoo," akasema. "Huu mfinyanzi ndio umeyalinda maji ya chini miaka yote. Mimi nimeutoboa. Nikiacha tundu, uchafu utashuka nao."

Aliziba taratibu, ndoo kwa ndoo, kwa saa mbili. Alikuwa anarudishia alichokitoboa, na hakuna aliyemsimamia.

Jumapili iliyopita nilikwenda tena Goba. Pampu imefungwa, tangi limepandishwa juu ya mnara. Yale mafungu yamenyeshewa na kuchanganyikana, isipokuwa mfinyanzi, ambao watoto wa wapangaji na wajukuu wa baba mdogo wameuchota na kufinyanga ng'ombe, wakawaanika kwenye ukingo wa karo.

Baba mdogo akanieleza mpango wake. Bomba moja liingie ndani kwake, jikoni na bafuni. La pili liwe nje, karibu na geti, lenye kufuli, wapangaji wanunue kwa ndoo. Bei ya chini kuliko ya toroli, alisema, na ni kweli. Ametumia fedha nyingi kuchimba, hilo nalo ni kweli. Mama wa chumba cha tatu alikuwa anafua hatua kumi kutoka tulipokaa, na sijui kama alisikia.

Nikamwambia, baba, yule fundi aliniuliza swali siku ile.

Nikamsimulia. Alinyamaza, akachukua ng'ombe mmoja wa udongo, akamgeuzageuza, akamrudisha taratibu kwa kuwa alikuwa hajakauka.

"Wewe ungeliweka wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kati ya nyumba mbili, kwenye kivuli cha mwembe, bila kufuli, na bili ya umeme wa pampu igawanywe kwa vyumba vyote, chake kikiwemo. Akapaangalia mahali hapo muda mrefu. Akasema atafikiri. Fundi wa mabomba anakuja Alhamisi.